Sura ya Tano: Samaki Waliobaki Hai

Hakuna mtu kituoni aliyekuwa amesoma maandishi ya ile chupa. Hilo ndilo lililomchemsha Sajenti Nusrat Bushiri asubuhi ile, hata chai yake ikapoa mezani bila kuguswa; na chai ya Tukuyu ikishapoa, mwezi wa saba, haina tofauti na maji ya mto.

Chupa ilikuwa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe, nusu imetumika. Konstebo Jacob alikuwa ameitoa kwenye kikapu cha mama mmoja anayeitwa Tusekile, akaitia kwenye mfuko wa kielelezo, na tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyemkamata simba mkia.

"Umeisoma?" Nusrat akamuuliza.

"Ni sumu, afande. Ina alama ya fuvu."

"Sikuulizi fuvu. Soma hapo chini ya fuvu, kwa sauti."

Jacob akaisogeza dirishani kwenye mwanga. "'Hatari kwa samaki. Usimwage dawa hii mtoni, ziwani wala bwawani.'"

"Haya. Samaki wangapi wa Injinia Godwin wamekufa?"

"Samaki..." Jacob akakuna kisogo. "Samaki hawajafa, afande. Yaliyokufa ni yale mawe."

"Mawe yanakufa, Jacob?"

"Mwenyewe ndivyo alivyosema. Na konokono. Na wale kamba wadogo."

Nusrat alisimama, kiti kikalia. "Kwa hiyo mtu amemwaga dawa inayoua samaki, samaki wanaogelea zao, na sisi tumemlaza mama wa watu sakafuni kwa dawa hiyo hiyo! Kusoma mstari mmoja kumetushinda?"

"Mkubwa wa kituo anataka jalada liende mahakamani kesho, afande. Injinia amempigia simu mwenyewe."

"Kesho bado haijafika."

Habari yenyewe mji mzima ulikuwa nayo, kila mtu na namna yake. Injinia Godwin alifanya kazi melini tangu ujana, akastaafu, akarudi kwao Tukuyu, akajenga nyumba ya wageni upande unaotazama mashamba ya chai. Sebuleni akaweka tangi la kioo refu kuliko jeneza, akalijaza maji ya chumvi, akafuga bahari. Watu walikuwa wakitoka mpaka Isongole, magunia ya viazi yamefungwa nyuma ya bodaboda, wanasimama kuchungulia dirishani. Wiki hii akapokea matumbawe mapya kutoka pwani, ya kuzalishwa, yenye kibali chake halali, akayatia tangini. Haikuchukua muda, mapya na ya zamani yote yakawa meupe kama mifupa. Injinia akaenda polisi na jina moja mdomoni: Tusekile, anayemfulia na kumfagilia, ambaye waligombana naye kwa sababu ya viatu vyake vya mvua kunuka zizi. Katika ugomvi ule Tusekile alisema, "Hayo mawe yako yatakuja kukuumbua." Mtu yeyote mwenye hasira husema hivyo. Kwenye maelezo ya polisi maneno hayo yalikuwa yamegeuka kitisho.

Tusekile alikuwa amekaa kwenye kona ya mahabusu, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Aliposikia kufuli akainuka kwa kushika ukuta.

"Mugonile, mama," Nusrat akamwamkia. Alizaliwa mji huu huu, nyuma ya duka la baba yake, na Kinyakyusa alikijua cha kuuzia na cha kuombea radhi.

"Ndaga, mwanangu. Ng'ombe wangu amekamuliwa?"

"Jirani amemkamua."

"Na maziwa?"

Nusrat alikuwa amepita kwenye banda la maziwa akija kazini. Alimwona Anyitike, anayepokea na kupima maziwa pale, akiiinamisha keni nzima ya maziwa juu ya mtaro mbele ya foleni, huku akisema kwamba maziwa ya mtia sumu hayatachanganyika na ya watu.

"Yamemwagwa," akasema.

Mama akatoa sauti nyingine kabisa, ya chini, ngumu. "Yakimwagwa leo, kesho hata nikitoka hapa nani atayapokea? Mimi sina shamba la chai. Sina duka. Nina ng'ombe mmoja. Ile dawa nimemwogeshea yeye, nikaiacha kikapuni, na kikapu kinashinda jikoni kwa Injinia kila siku ya Mungu. Ningetaka kuua, ningeua mawe? Mtu mwenye akili timamu anaua mawe?"

"Siku yale mawe mapya yalipofika ulikuwepo?"

"Nilikuwepo mpaka umeme ulipokatika. Alikuwa na haraka kama mtu anayefukuzwa, maana wageni wake wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake kuona tangi. Akaniambia, washa jiko la mkaa kisha nenda zako. Nikawasha, nikaenda."

"Jiko la nini?"

"Nimuulize? Mtu asiyetaka kuona hata viatu vyangu, nimuulize jiko?"

Nusrat alitoka na lile jiko kichwani. Katika maelezo ya Injinia, ukurasa kwa ukurasa, hapakuwa na jiko.

*

"Karibu, Sajenti. Viatu, tafadhali."

Akavua. Injinia Godwin alikuwa mzee mrefu, mnyoofu, amevaa sweta la kijivu na miwani inayoning'inia kwa kamba. Sebule ilinukia chumvi. Umeme ulikuwa umerudi, taa ya buluu inawaka, maji yanazunguka kwa mlio mdogo, lakini ilikuwa ni kutazama makaburi. Matumbawe yamebaki vijiti vyeupe. Konokono wamelala kwenye mchanga, milango ya magamba yao wazi. Na katikati ya mauti hayo samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, walikuwa wakikimbizana kama watoto wakati wa mapumziko.

"Hawa wazima kabisa," Nusrat akasema.

"Samaki ni wagumu."

"Wagumu kuliko kupe?"

Injinia hakucheka. "Mimi si daktari wa mifugo. Ninachojua, mali yangu imeuawa, na aliyeiua mnaye."

"Ndiyo maana nimekuja, mzee wangu, ili jalada likae sawa. Nieleze ulivyoyapokea, tangu kwenye basi. Mimi mtu wa pilau, matumbawe siyajui."

Hapo akawa amemgusa penyewe. Mzee akavaa miwani, akasimama mbele ya tangi kama mwalimu mbele ya ubao.

"Tumbawe ni mnyama, Sajenti, si jiwe. Linasafiri kwenye mfuko wa maji, ndani ya boksi la povu. Huwezi kulitoa kwenye basi ukalitumbukiza, litakufa kwa mshtuko. Kwanza unazima taa. Mfuko, bado umefungwa, unaelea juu ya tangi mpaka joto la ndani na la nje lilingane. Kisha unaufungua, unaongeza maji ya tangi kwa mrija mwembamba, tone kwa tone, ili lizoee chumvi ya kwako. Ndipo unalichovya kwenye ndoo yenye dawa."

"Dawa ya nini tena?"

"Ya wadudu. Matumbawe huja na viminyoo, na mayai, na vijikonokono vinavyoyatafuna. Unalichovya kwa dakika chache, unalitikisa, unalipuliza na pampu ndogo ya mpira, wadudu wanadondoka chini ya ndoo. Baada ya hapo unalisuuza kwenye ndoo ya pili yenye maji safi ya chumvi, unaliweka chini tangini, mbali na taa, lipumzike. Maji ya dawa yanamwagwa nje. Tone lisirudi tangini!"

"Uliyamwaga wapi?"

"Nyuma, kwenye majani. Nenda kaangalie."

Nusrat alikwenda, peku, kwenye umande. Akakuta kweli: majani yameungua kwa chumvi, na juu yake viminyoo vidogo bapa vimekauka kama maganda ya ufuta. Mzee hakudanganya. Dawa ilifanya kazi yake, ikamwagwa pale pale inapotakiwa kumwagwa. Alikuwa amekuja akidhani kosa liko kwenye kuchovya. Akarudi ndani dhana hiyo ameiacha kwenye majani.

"Na maji ya kusuuzia uliyatoa wapi?"

"Niliyatengeneza mwenyewe. Maji ya mvua nayachuja, natia chumvi ya bahari. Yaliyobaki nikajazia tangi, maana lilikuwa limepungua."

"Maji ya mvua, kwa baridi hii yetu?"

"Yanapashwa joto. Kuna kifaa cha umeme."

"Umeme ulikuwa umekatika, mzee wangu."

Injinia akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Nilikuwa nimeshayapasha kabla haujakatika. Pampu inatumia betri ya sola, haizimiki."

Jiko halikutajwa. Nusrat hakulitaja naye. Alikuwa anatazama rafu iliyo pembeni ya tangi. Juu yake palikuwa na visanduku vidogo vya kupimia maji, vimepangwa, vyote bado vina plastiki yake ya dukani isipokuwa kimoja kilichofunguliwa, kimeandikwa herufi kubwa C na u ndogo pembeni. Na chini ya rafu, kwenye kabati la mninga, palikuwa na duara. Duara pana, jeupe kuliko mbao nyingine, la kitu kizito kilichokaa hapo muda mrefu na sasa hakipo. Ukutani, picha ilikuwa inasema ni kitu gani: Injinia amekaa kwenye kiti, mbele yake sufuria kubwa ya karamu inawaka kama jua la jioni.

"Pambo zuri," Nusrat akasema. "Limekwenda wapi?"

"Lipi? Ah, hilo. Shaba ya zamani, nililinunua pwani. Nimemwazima dada yangu Sekela, yuko Kinyala. Mtoto anapata kipaimara Jumapili."

"Linang'aa hivyo mpaka ndani?"

"Nililisugua mwenyewe kwa malimau na majivu," mzee akasema, na kidogo akajisahau akatabasamu. "Lilikuwa na utando wa kijivu ndani, mchafu mchafu. Nikautoa wote."

Nusrat akatoa chupa tupu ya maji mkobani, akaichota maji ya tangi mbele yake, akaifunga, wakaweka saini zote mbili kwenye karatasi. Akaomba na kile kisanduku kilichofunguliwa. Mzee akasita.

"Cha nini? Hicho ni vifaa tu."

"Kwa ajili ya jalada. Wewe ndiye unayelitaka liende kesho."

*

Alisimama ukingoni mwa shamba la chai, manyunyu yanamlowesha mtandio, akampigia Doreen, yule aliyeyazalisha matumbawe na kuyatuma. Namba ilikuwa juu ya boksi.

"Yamekufa yote?" Doreen akapaza sauti. "Hata yale ya zamani? Jamani! Dada, yale nimeyalea kutoka kipande kama ukucha. Ameyachovya vizuri? Maana yule mzee nilimweleza mpaka koo likakauka."

"Amechovya vizuri. Nimeviona viminyoo kwa macho yangu."

"Samaki je?"

"Wanacheza."

"Na konokono wamekufa? Na kamba?"

"Wote."

"Basi hiyo ni shaba, dada. Sisemi lazima, sijayaona maji, lakini mimi ningeanza hapo. Shaba samaki anaivumilia, kuna watu wanamtibia nayo kabisa. Lakini konokono, kamba, tumbawe, hao shaba kidogo tu ni kifo. Hata sarafu tangini mimi siruhusu."

"Kuna kisanduku kina C na u..."

"Ndicho hicho cha kupimia shaba! Nilimtilia kwenye boksi kama zawadi. Kimefunguliwa?"

"Kimefunguliwa."

"Sasa amepima akaona nini? Mbona hakunipigia? Mteja mwingine konokono akifa mmoja tu ananipigia, yeye yamekufa yote ananyamaza?"

Nusrat alikuwa na jibu la swali hilo. Bibi yake, Sophia, alikuwa na sufuria za shaba za kukodisha kwenye harusi. Kila mwaka fundi alipita kuzipaka bati ndani, ule utando wa kijivu, na bibi hakukubali hata ndimu ikamuliwe kwenye sufuria iliyochubuka. Chumvi na uchachu vikikutana na shaba tupu, alikuwa akisema, hiyo pilau itawalaza watu wodini. Na huyu mzee alikuwa amelisugua bati lote akalitoa, kisha, umeme ulipokatika na wageni wako njiani, akatia humo maji ya chumvi, akayateleka juu ya mkaa.

Kosa lenyewe lingeweza kumpata mtu yeyote. Kilichomtia Nusrat hasira ni kile kisanduku kilichofunguliwa.

*

Bodaboda ilimshusha Kinyala akiwa ametapakaa matope mpaka magotini. Nyumbani kwa Sekela wanawake walikuwa wamezunguka mlima wa ndizi, wanamenya, utomvu umewafanya vidole vyeusi. Sekela mwenyewe alikuwa mnene, mchangamfu, kisu hakimtoki mkononi hata akisalimia.

"Polisi? Haya, karibu, kaa, kuna kisu cha ziada. Au wewe ni wa kukamata tu, humenyi?"

Nusrat akakaa, akachukua kisu. Alimenya ndizi tatu nne kabla ya kuuliza. "Kaka yako kasema amekuazima sufuria ya shaba."

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akajifunga kanga upya kabisa.

"Usinikumbushe!" Sekela akasema. "Kaniazima! Amekuja nalo kwa gari, asubuhi, mimi nikatoka mbio nikapiga vigelegele. Nikasema leo kaka amenikumbuka, ndizi zote hizi nitapikia humo. Anasema nini? 'Dada, hili usipikie. Usipikie hata maji. Liweke mbali mpaka nije nilifuate.' Sasa mwanangu, wewe una akili za serikali, niambie: mtu anakuletea sufuria wiki ya karamu halafu anakukataza kupika, si kudharauliana huko?"

"Alikuambia kwa nini?"

"Kasema litatudhuru, basi. Nikamwambia, kama linadhuru unaliletaje kwenye watoto? Akasema ana haraka, anapitia polisi."

Kisu cha Nusrat kikasimama. "Alisema anapitia polisi? Baada ya kukuambia litawadhuru?"

"Hapo hapo, mlango wa gari uko wazi."

Sufuria ilikuwa nyuma ya banda la kuku, imefudikizwa. Nusrat akaigeuza kwa kitambaa. Ukingoni palikuwa na mstari mweupe wa chumvi iliyokauka, na chini ya mstari, kuzunguka tumbo zima la sufuria, kijani. Kijani kile kile ambacho bibi Sophia angekiona angeita watu.

Aliipiga picha, akachukua maelezo ya Sekela, akayasoma mbele yake neno kwa neno. Sekela alipofika kutia saini akawa hacheki tena.

"Kuna mtu ameumia?"

"Kuna mama yuko ndani kwa ajili ya sufuria hii."

"Mama gani?"

"Tusekile. Anayefua kwa kaka yako."

Sekela aliangalia saini yake, akaangalia sufuria. "Lichukue," akasema. "Lichukue lote, usimwachie hata mfuniko."

*

Injinia alifungua mlango, akaona kilichofungwa kwa kamba mgongoni mwa bodaboda, na habari ya viatu haikumtoka mdomoni. Nusrat aliingia na sufuria, matope na yote, akaiweka juu ya kabati la mninga. Ilikaa kwenye lile duara sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Kaa, mzee wangu. Lile jiko la mkaa ulipashia nini?"

"Jiko gani?"

"Tusekile aliwasha jiko. Maelezo yako hayana jiko. Sufuria ina chumvi ukingoni na kijani tumboni. Kisanduku cha kupimia shaba umekifungua. Niendelee, au unaendelea wewe?"

Mzee alikaa. Samaki wawili walikuja kwenye kioo wakamtazama, wakidhani ni saa ya kula.

"Umeme ulikuwa umekatika," akasema hatimaye. "Wageni walikuwa wanakuja. Sikufikiri. Asubuhi yake nilipoyaona nikapima, rangi ikageuka buluu palepale. Lakini sikuwa na uhakika, Sajenti. Nilikuwa na wasiwasi tu."

"Wasiwasi huo ulitosha kuendesha gari mpaka Kinyala kuwaonya ndugu zako wasipikie hata maji. Kutoka Kinyala ukaja moja kwa moja polisi, na njiani wasiwasi ukakuishia?"

"Ningewaambia nini wale watu? Kwamba injinia mzima nimechemsha bahari kwenye sufuria ya pilau?"

"Ungewaambia hivyo hivyo! Wangecheka, wangekunywa chai, wangeondoka. Badala yake ukaona heri mama wa watu aitwe mtia sumu."

"Sajenti, tusikuze mambo. Ni matumbawe tu."

"Asubuhi yalikuwa mali iliyouawa. Sasa yamekuwa matumbawe tu." Nusrat akatia mikono mifukoni. "Maziwa ya yule mama yamemwagwa mtaroni, unajua? Aliyeyamwaga hana habari ya tangi wala sufuria. Alisikia jina, na jina umelitoa wewe."

"Nitafuta shauri. Nitamwona mama mwenyewe, nimfute machozi, tuyamalize hapa hapa nyumbani."

"Utaongozana nami. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, ukijua ni ya uongo, hakumaliziwi nyumbani."

Kabla ya jioni Tusekile alikuwa nje. Mkubwa alisoma maelezo ya Sekela mara mbili, akamtazama Jacob, Jacob akatazama dari. Injinia akaandikiwa kosa lake, akapewa dhamana, na kaunta pale pale akamgeukia mama kuomba radhi, kwa sauti ya chini, akichagua maneno.

Tusekile alikuwa anafunga kitenge chake. "Sikukamatwa hapa," akasema. "Nilikamatwa kwenye foleni ya maziwa, keni iko kichwani. Kama una neno, uje ulisemee kule."

*

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ukungu, foleni ya maziwa imejaa kama kawaida, keni zimepangwa ukutani. Anyitike alimwona Tusekile anakuja na keni yake, akaanza kufungua mdomo, akamwona na anayemfuata, mrefu, mnyoofu, kofia mkononi. Nyuma kabisa Sajenti Nusrat alisimama kwenye nguzo ya banda. Hakukuwa na sheria ya kumleta mzee pale. Alikuja mwenyewe, na Nusrat alimhesabia hilo, ingawa hakumhesabia mengi.

"Ndugu zangu," Injinia akaanza.

"Hatusikii, tata!" bibi mmoja akasema kutoka nyuma, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Siku ile ulisikika mpaka sokoni."

Mzee akakohoa. Akapaza sauti. Alisema yote: jiko, sufuria, kipimo, Kinyala. Alisema Tusekile hakutia kitu. Alisema alijua siku anakwenda polisi. Foleni ikaguna mguno mmoja, mrefu.

Anyitike akajifuta mikono kwenye aproni, haraka haraka. "Basi, yameisha. Mama, lete keni, lete nikupimie."

"Hayajaisha," Tusekile akasema.

Akaishusha keni, akafungua mfuniko. Mvuke ukapanda kidogo, ng'ombe alikuwa amekamuliwa muda si mrefu. Akachota kopo likajaa mpaka ukingo, akamnyooshea Injinia.

"Kunywa."

"Mama, mimi maziwa yasiyochemshwa, tumbo langu..."

"Wewe unapenda vilivyochemshwa, tumeshasikia. Kunywa."

Hakuna aliyecheka. Injinia alimtafuta Sajenti kwa macho. Sajenti alikuwa amegeuka upande wa Mlima Rungwe, anatafuta kilele ndani ya ukungu kana kwamba kimepotea na yeye ndiye aliyepewa jalada. Mzee akalipokea kopo kwa mikono miwili. Akanywa. Alitaka kuishia katikati, foleni nzima ikaendelea kumtazama, akamaliza. Maziwa yakamwachia mstari mweupe kwenye masharubu, naye hakuthubutu kuufuta.

Tusekile alilichukua kopo, akaenda nalo bombani, akalisuuza. Akayamwaga maji mtaroni, akalisuuza tena. Ndipo akarudi, akalijaza tena, akamnyooshea Anyitike.